Injini Ikitikisika, Kikundi Nacho Hutikisika

(Maneno haya yalitolewa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia vilivyo na mashine za posho au vinavyofikiria kununua. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)



Nimeombwa nizungumze juu ya kutoa stima kwa injini ya posho. Vikundi vingi vimeniuliza swali hili. Watu husema hivi: "Injini tunayo. Mchana inasaga, jioni inalala. Kwa nini isitupe stima?" Ni swali zuri, na jibu lake ni kwamba inawezekana. Lakini kabla hamjaenda mjini kuuliza bei ya jenereta, nendeni kwanza mkaangalie injini yenu imesimama juu ya nini. Leo nitasema zaidi juu ya mtikisiko kuliko juu ya taa, na sababu mtaiona.

INJINI TUNAYOIZUNGUMZIA

Nazungumza juu ya ile injini ya dizeli ya silinda moja, inayopozwa kwa maji ya pipa, yenye magurudumu mawili makubwa ya chuma kando kando. Mafundi huyaita flaiwili. Sauti yake mnaijua: tuku, tuku, tuku. Hata ukiwa ng'ambo ya mto unajua leo kuna kusaga. Aina hii ilianza kutengenezwa na kampuni ya Lister huko Dursley, Uingereza, karibu na mwaka 1930. Baadaye viwanda vya India, hasa katika mji wa Rajkot, viliiga mtindo huo.

Iliyojulikana sana ni ya nguvu za farasi 6. Inazunguka mara 650 kwa dakika. Linganisheni na jenereta nyingi ndogo za dukani ambazo huzunguka mara 3,000. Hii yetu ni mzee anayetembea pole pole. Kwa kuwa haikimbii, haichakai upesi. Ikitunzwa inafanya kazi miaka mingi, na fundi wa jua kali anaweza kuifungua kwa spana chache. Hiyo ndiyo sifa yake. Lakini ina uzito wa zaidi ya kilo 300, na ina tabia moja ambayo lazima muijue: inatikisa.

KWA NINI INATIKISA?

Ndani ya silinda kuna pistoni. Inapanda, inasimama, inashuka, inasimama tena. Kwa mizunguko 650, pistoni hiyo inageuza mwendo wake mara 1,300 kwa dakika moja. Akina mama wanaelewa haraka jambo hili kwa sababu wametwanga. Mchi ukishuka, ardhi inasikia. Kinu kikiwa juu ya udongo mgumu, unatwanga vizuri. Lakini hebu kiweke juu ya meza yenye miguu mibovu, uone kama meza hiyo itafika jioni.

Watengenezaji walilijua jambo hili, ndiyo maana waliongeza uzito upande mmoja wa flaiwili. Pistoni ikipanda, uzito huo unashuka. Hii inapunguza mtikisiko, lakini haiumalizi. Injini ya silinda moja ya namna hii itatikisa tu, hata ikiwa mpya. Na fundi akiivunja halafu airudishe flaiwili vibaya, uzito ule usiwe mahali pake, basi itatikisa maradufu.

Kuna jambo la pili. Injini hii hupata msukumo wa moto mara moja kwa kila mizunguko miwili. Maana yake ni misukumo 325 kwa dakika, yaani mara 5 na zaidi kwa kila sekunde. Kati ya msukumo mmoja na mwingine, flaiwili ndizo zinazobeba mwendo. Hili tutalirudia tukifika kwenye taa.

Sasa nataka mshike neno hili. Mtikisiko hauishii hewani. Ni lazima uende mahali. Msipoutayarishia mahali, utajitafutia wenyewe: kwenye ukuta, kwenye nati, kwenye paipu ya dizeli, na mkishafunga jenereta, kwenye nyaya za stima.

YALIYOKIPATA KIKUNDI KIMOJA

Kikundi kimoja cha akina mama, ambacho jina lake naliweka kando, kilinunua injini kwa pesa za kuku na za merry-go-round. Simiti ilikuwa ghali mwaka huo. Basi wakaifunga injini kwenye sakafu ya kawaida ya nyumba, unene wa inchi 4 hivi, karibu kabisa na ukuta. Ilisaga vizuri. Baada ya muda ukuta ukapata ufa. Nati zikawa zinalegea kila wiki. Halafu likaja jambo baya zaidi: dizeli ikaanza kupungua kuliko mahindi yaliyosagwa.

Mnajua kilichofuata. Macho yote yalimgeukia mweka hazina. Wengine walisema ameonekana na mtungi usiku. Wengine waliacha kulipa michango. Mimi niliitwa kusuluhisha, na nilikuta watu wamegawanyika mara mbili, hata kwenye mazishi walikuwa wanakaa mbali mbali.

Kilichomwokoa mama huyo ni daftari lake. Alikuwa ameandika kila siku saa ya kuwasha, saa ya kuzima, na kiasi cha dizeli kilichotiwa. Tulimwomba fundi kutoka soko jingine aje. Tulipima tangi kwa kijiti kabla ya kuwasha, na tukapima tena saa moja baadaye, injini ikiwa inafanya kazi mbele ya wanachama wote. Kijiti kilionyesha dizeli imeshuka kuliko inavyotakiwa. Fundi akapitisha kidole chini ya paipu ya shaba inayotoka kwenye tangi. Kidole kikatoka kimelowa. Paipu ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele kwenye kiungo. Injini ikilala, ufa ulikuwa unavuja kidogo sana. Injini ikitikisa, ulifunguka. Dizeli ilikuwa inashuka ukutani na kuingia katika udongo chini ya kizingiti.

Shaba ikitikiswa kwa muda mrefu inakuwa ngumu, halafu inapasuka. Hakuna mtu aliyekuwa ameiba. Mwizi alikuwa sakafu nyembamba. Mama yule aliombwa radhi mbele ya watu wote, lakini alikuwa ameshapoteza usingizi wa miezi. Ndiyo maana nasema injini ikitikisika, kikundi nacho hutikisika.

MSINGI UNAOFAA

Msingi wa injini ni jiwe moja zito la zege linaloipita injini kwa uzito mara kadhaa. Injini haiwezi kulitikisa, kama vile mtoto hawezi kumsukuma fahali.

Wacha nitoe mfano wa msingi wa injini ya farasi 6 pamoja na jenereta yake: urefu mita 1.8, upana mita 0.9, na kina mita 0.6. Hiyo ni karibu mita 1 ya ujazo, na uzito wake ni kama kilo 2,300. Kwa mchanganyiko wa simiti 1, mchanga 2 na kokoto 4, mtatumia mifuko ya kilo 50 kama 6 au 7. Huu ni mfano. Kitabu cha injini yenu kikiwapo, fuateni vipimo vyake.

Fuateni utaratibu huu:

1. Chimbeni mpaka udongo mgumu. Mahali penye ule udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa mvua, msijenge juu yake. Utoeni wote, mjaze mawe na kushindilia, na mwombe ushauri wa fundi wa ujenzi.

2. Msingi wa injini usishikane na sakafu wala ukuta. Acheni nafasi ya inchi 2 kuzunguka pande zote, mjaze mchanga. Hapo mtikisiko unakatika, hauvuki kwenda kwenye nyumba.

3. Bolti za kushikilia injini ziingie ndani ya zege. Tengenezeni fremu ya mbao yenye matundu yaliyo sawa na matundu ya miguu ya injini, mning'inize bolti humo kabla ya kumwaga zege. Mkitoboa baadaye hazitashika kwa nguvu ile ile.

4. Mwageni zege yote siku moja. Mkimwaga nusu leo na nusu kesho, mtakuwa na mawe mawili, si moja.

5. Funikeni kwa magunia yenye maji kwa siku 7 angalau. Msiwashe injini mpaka siku 28 zimalizike. Najua mtakuwa na haraka. Vumilieni.

6. Pimeni usawa kwa pimamaji kabla ya kukaza nati. Mguu mmoja ukiwa juu, msikaze kwa nguvu mpaka chuma kipinde. Wekeni kipande chembamba cha bati chini yake.

7. Kipande cha mwisho cha paipu ya dizeli kiwe mpira wa dizeli, si chuma kikavu. Na bomba la moshi lisiguse ukuta. Tundu la ukutani liwe kubwa kuliko bomba.

Injini mpya za mtindo huu nazo zina jambo lake. Nyingine huja na mchanga wa kalibu uliobaki ndani ya chuma kutoka kiwandani. Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, fundi aifungue, aioshe ndani, na atie oili safi. Mchanga huo ukiingia kwenye beringi, zitalegea, na beringi zilizolegea huongeza mtikisiko.

JENERETA NA MWENDO WAKE

Stima ya Kenya ni volti 240, na mkondo wake unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Jenereta nyingi zinazofungwa kwa belti zinataka kuzunguka mara 1,500 kwa dakika ili zitoe hiyo 50. Injini yetu inazunguka 650. Kwa hiyo tofauti inaletwa na ukubwa wa pulii. Kama gurudumu linaloendesha belti lina upana wa inchi 23, pulii ya jenereta iwe inchi 10. Zidisha 650 kwa 23, ugawanye kwa 10, utapata 1,495. Hapo mko sawa.

Kuna fundi atakayewaambia, "Pulii hii haitoshi, wacha tuongeze mwendo wa injini." Mkatalieni. Flaiwili ni chuma cha kusubu. Mwendo ukiongezwa maradufu, nguvu inayovuta chuma hicho kipasuke inakuwa mara nne. Flaiwili ikipasuka inaruka kama bomu, na inaua. Badilisheni pulii, msibadilishe mwendo.

Jenereta iwe juu ya msingi ule ule mmoja na injini. Ikiwa kila moja ina msingi wake, zitatikisika kila moja kivyake, belti itatoka au italiwa upande mmoja. Nyaya zinazotoka kwenye jenereta ziwe za nyuzi nyingi nyembamba zinazopindika, zilegezwe kidogo, na zishikwe vizuri. Waya mmoja mnene ukitikiswa kila siku unakatika ndani ya mpira wake bila kuonekana.

TAA ZINAZOPEPESA

Vikundi vingine hulalamika: "Tumefunga vizuri, lakini taa zinapepesa." Kumbukeni zile misukumo 5 kwa sekunde. Kila msukumo unaongeza mwendo kidogo, halafu mwendo unashuka kidogo. Jenereta inafuata, na taa inafuata jenereta. Jicho la binadamu linaona mapepeso ya namna hiyo, na mtoto anayesoma chini ya taa hiyo anaumwa na kichwa.

Dawa yake ni uzito unaozunguka. Flaiwili nzito hushika mwendo vizuri kuliko nyepesi, kwa hiyo mkinunua injini kwa ajili ya stima, ulizeni zile nzito. Fundi anaweza pia kufunga gurudumu zito upande wa jenereta, mradi limesawazishwa vizuri. Angalieni pia kama belti inateleza, na kama nozeli inapuliza dizeli sawasawa.

MTIKISIKO UKIZIDI, TAFUTENI CHANZO

Msibahatishe. Fuateni hatua hizi:

Kwanza, zimeni injini na mkaze nati zote za msingi. Nati ikilegea tena baada ya siku chache, tatizo ni msingi au bolti, si nati.

Pili, toeni belti, muwashe injini peke yake. Mtikisiko ukipungua sana, chanzo ni jenereta, pulii au belti iliyopinda. Mtikisiko ukibaki vile vile, chanzo ni injini au msingi.

Tatu, mkisikia mgongo wa chuma kwa chuma kila mzunguko, zimeni mara moja. Huenda ile kabari inayofunga flaiwili kwenye shafti imelegea. Msiwashe tena mpaka fundi aione.

Nne, injini ikitikisa sana kwa sekunde chache tu wakati wa kuwasha au kuzima, msiogope. Ni kama bembea: kila bembea ina mwendo wake inaoupenda, na ukiisukuma kwa mwendo huo inapanda juu. Injini ikipita kwenye mwendo kama huo inacheza kidogo, halafu inatulia. Hatari ni pale inapocheza hivyo ikiwa kwenye mwendo wake wa kazi.

HESABU KABLA YA HARAMBEE

Nguvu za farasi 6 ni kilowati 4.5 hivi kwenye flaiwili. Belti na jenereta nazo zinakula zao, kwa hiyo mtapata stima ya kilowati 3 na kidogo. Na sisi wa nyanda za juu tuna kodi nyingine. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Mahali kama Nakuru, karibu mita 1,850, injini hupoteza kitu kama moja ya tano. Msitegemee zaidi ya kilowati 2.5. Basi muuzaji akiwaambia mnunue jenereta ya kilowati 7 "ili iwatoshe baadaye," mwulizeni ni injini gani itakayoizungusha.

Injini hii ikifanya kazi kwa nguvu zote hunywa dizeli kama lita 1 na robo kwa saa. Ikiwasha taa 10 za LED za wati 9, ambazo zote pamoja ni wati 90, haitakunywa kidogo kwa kadiri hiyo, kwa sababu inabidi ijizungushe yenyewe kwanza. Tena injini ya dizeli inayofanya kazi nyepesi siku zote hujaa masizi ndani. Kwa hiyo nawaambia wazi: kama haja yenu ni taa na kuchaji simu tu, nunueni sola, muiache injini isage. Stima ya injini inafaa pale penye kazi nzito, kama kuchomelea vyuma, kuendesha mota ya mbao, au kupiga maji. Na injini moja haiwezi kusaga kwa nguvu zote na kutoa stima ya nguvu zote saa ile ile. Pangeni saa.

MAISHA KWANZA

Mambo manne hayana mjadala. Belti na flaiwili ziwe na ngao ya wavu. Leso, sketi pana na mashuka yasikaribie, maana kichwa cha ile kabari kinakamata nguo kabla hujasema neno. Moshi utolewe nje kabisa, kwa sababu una gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Kazi ya nyaya ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA. Na kama nyumba ina stima ya Kenya Power, lazima kuwe na swichi ya kubadilisha ambayo hairuhusu stima mbili kukutana. Bila hiyo, stima yenu itarudi kwenye laini na kumwua mfanyakazi aliye juu ya mlingoti akidhani hakuna moto. Mkifikiria kuwauzia majirani stima, ulizeni kwanza ofisi ya EPRA sheria inasemaje.

Nimalizie kwa mambo mawili. Mifuko 7 ya simiti haionekani. Mgeni akija kuzindua mradi hapigi picha na zege lililo chini ya ardhi. Anapiga picha na taa. Kwa hiyo kamati nyingi hukata pesa za msingi ili zitoshe za taa. Msikubali. Na lile daftari la saa na dizeli, lianzisheni wiki hii, hata kama injini yenu haijanunuliwa bado. Siku moja litamtetea mtu asiye na kosa.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Injini yetu imefungwa juu ya nini? Kuna ufa wowote ukutani au sakafuni?
2. Nani anaandika saa za kazi na dizeli? Nani mwingine anaangalia daftari hilo?
3. Kazi gani hapa kwetu inahitaji stima nzito? Taa peke yake zingegharimu kiasi gani kwa sola?
4. Kitu kikipungua katika kikundi chetu, huwa tunapima kwanza au tunalaumu kwanza?